"Funga mpaka ikae, usikaze": lugha ya kurekebisha kabureta

Kosa lililozaa makala haya ni langu mwenyewe. Fundi mmoja wa Muleba, anayetunza Land Rover Series III ya petroli aliyoirithi kwa baba yake, aliniomba nimfasirie kurasa mbili za kitabu cha matengenezo kuhusu kabureta. Mimi ni mwalimu wa lugha mjini Bukoba. Kabureta nilikuwa nikiijua kwa jina tu. Penye maagizo ya kuzungusha skrubu ndogo kuelekea ndani hadi iguse mwisho wake kwa wepesi, niliandika: "Kaza skrubu hadi mwisho, kisha legeza raundi moja na nusu." Juma lililofuata akanipigia simu. Ncha ya skrubu ilikuwa imechorwa alama ya pete, na tundu ambamo ncha hiyo hukaa lilikuwa limepanuka. Injini haikutulia tena, hata ilipojaribiwa namna gani. Nilipomuuliza kwa nini aliikaza kiasi hicho, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, wewe uliandika kaza, nami nikakaza."

Hakukosea. Kukaza ni kutia nguvu hadi kitu kisisogee, na ndivyo alivyofanya. Aliyekosea ni yule aliyechukua neno la kwanza lililomjia akilini bila kujiuliza mkono wa msomaji utafanya nini atakapolisoma. Hasara ilikuwa kabureta nzima, kwani vipuri vya gari la umri huo havipatikani kila duka la Bukoba.

Tangu siku hiyo nimekaa mara nyingi karibu na injini ile, daftari mkononi, nikiuliza majina ya vitu na vitendo. Yafuatayo ni maelezo ya kazi hiyo kwa mpangilio wake, pamoja na maneno ambayo mfasiri, mwalimu au mwanafunzi hana budi kuyapima anapoiandika kwa Kiswahili. Asidhani kwamba ni lugha ya mambo yaliyopitwa na wakati. Magari mapya hayana kabureta tena, lakini pikipiki nyingi za bodaboda zinayo, jenereta ndogo za madukani zinayo, pampu za kumwagilia zinayo, na kadhalika injini nyingi za boti zinazokwenda Bumbire, Ikuza na Goziba.

Kabureta na sehemu zake

Kabureta ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika wingi: kabureta hii, kabureta hizi. Ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia katika silinda. Hewa hupita katika koo, yaani njia iliyobanwa katikati. Inapopita penye mbano mwendo wake huongezeka na mgandamizo wake hupungua, ndipo petroli hufyonzwa kutoka katika bakuli kupitia jeti, ambayo ni kijitundu chenye kipimo maalumu. Kimo cha petroli ndani ya bakuli hutunzwa na boya. Boya likipanda husukuma sindano inayoziba njia ya petroli, likishuka sindano huachia. Neno boya halihitaji maelezo yoyote kwa mtu wa Kemondo anayetega nyavu. Kitu ni kile kile, ila hiki ni kidogo na kimefungiwa ndani ya chuma.

Chini ya koo pana kibati cha duara kinachozunguka juu ya mhimili. Nakiita kipepeo, kwa kuwa mabawa yake mawili hufunguka na kufunga. Dereva anapokanyaga mafuta, kinachofunguka ni kipepeo hiki. Nasema "anapokanyaga mafuta" kwa sababu ndivyo sote tusemavyo, ingawa kwa hakika dereva hakanyagi mafuta wala hayafungulii mlango. Anafungulia hewa, na petroli hufuata kwa kuvutwa. Msemo huu umezoeleka na sioni sababu ya kuuondoa katika mazungumzo. Hata hivyo mwanafunzi anayejifunza kazi ya kabureta aelezwe tofauti hiyo mapema, la sivyo hataelewa kwa nini kuna skrubu mbili badala ya moja.

Skrubu hizo mbili ndizo kiini cha kazi. Katika kabureta ya Zenith 36 IV, iliyotumika kwa wingi katika Land Rover za petroli za silinda nne zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ya kwanza huzuia kipepeo kisijifunge kabisa dereva anapoinua mguu. Naiita skrubu ya mwendo. Ya pili, yenye ncha iliyochongoka, hupima mchanganyiko unaoingia wakati injini inapozunguka bila kukanyagwa. Naiita skrubu ya mchanganyiko. Vitabu vingine vya mafunzo huziita "skrubu ya kwanza" na "skrubu ya pili", utaratibu ninaoupinga, kwa maana ukurasa ukigeuzwa au kabureta ikitazamwa kutoka upande wa pili, ya kwanza huwa ya pili.

Mafuta gani?

Neno mafuta katika Kiswahili hubeba vitu vingi mno: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Gereji imekwisha kujitengenezea utaratibu wake. Mafuta ni kile kinachochomwa, na oili ni kile kinacholainisha. "Gari linakula mafuta" maana yake petroli au dizeli inakwisha haraka; "gari linakula oili" ni habari nyingine kabisa, na mbaya zaidi. Mfasiri anayependa usanifu huandika "mafuta ya kulainishia" na "mafuta ya kuendeshea". Si makosa, lakini mtu aliyeinama juu ya injini akiwa ameshika bisibisi hasomi maneno matatu kwa makini. Husoma la kwanza. Katika maagizo ya kazi andika petroli na oili, basi.

Ziwani mambo huongezeka ugumu. Injini nyingi za boti za mipigo miwili hunywa petroli iliyotiwa oili, na uwiano wa sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ni wa kawaida. Mvuvi wa Muleba akisikia neno mchanganyiko, huwaza dumu hilo. Fundi wa gari akisikia neno hilo hilo, huwaza petroli na hewa. Ukimwandikia mvuvi "punguza mchanganyiko", anaweza kupunguza oili, na injini isiyopata oili huharibika. Kwa hiyo kila mahali penye shaka pasemwe "mchanganyiko wa petroli na hewa", hata kama sentensi itarefuka.

Tajiri, mzito, au petroli imezidi?

Petroli huungua vizuri inapochanganywa na hewa kwa uwiano wa karibu kilo 1 ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Kiingereza huuita mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko hapo kwa neno lile lile linalomaanisha tajiri, na wenye petroli kidogo kwa neno linalomaanisha aliyekonda. Nimeona tafsiri zenye "mchanganyiko tajiri" na "mchanganyiko mwembamba". Msomaji anayejua Kiingereza huzielewa kwa kuzirudisha Kiingereza, na asiyekijua hubaki ameduwaa: utajiri wa nini?

Wafasiri waangalifu zaidi huandika "mchanganyiko mzito" na "mchanganyiko mwepesi", na kwa muda mrefu nami niliona hiyo ndiyo suluhu. Bukoba ndiko nilikobadili mawazo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mji umekaa kando yake. Ukipanda kuelekea Kamachumu unakwenda juu zaidi. Kwa kimo hicho hewa ina uzito pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na hewa ya Dar es Salaam. Koo la kabureta hupitisha ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ni chache, ilhali petroli haipungui kwa kadiri ile ile. Gari lililorekebishwa vizuri pwani likifika Bukoba huwa petroli yake imezidi.

Sasa jaribu kuandika jambo hilo kwa istilahi ya uzito. "Kwa kuwa hewa ya Bukoba ni nyepesi, mchanganyiko huwa mzito." Sentensi ni sahihi kisayansi, lakini nilipoisoma darasani wanafunzi zaidi ya nusu waliielewa kinyume: hewa nyepesi, basi mchanganyiko mwepesi, basi ongeza petroli. Juu ya hayo, "mafuta mazito" ni msemo wenye maana yake tayari, yaani mafuta yanayotiririka polepole, na "gari zito" ni gari linalochelewa kushika kasi. Kivumishi kimoja hakiwezi kubeba mizigo yote hiyo.

Gerejini nimesikia njia iliyo wazi kuliko zote hizi: kitenzi kuzidi. "Petroli imezidi." "Hewa imezidi." Msemo huu hutaja kitu kilicho kingi, na kwa kukitaja huonyesha dawa. Anayesikia kwamba hewa imezidi hahitaji kukumbuka kama kukonda ni hewa au ni petroli. Ukihitaji nomino kwa ajili ya jedwali au maelezo ya picha, "ziada ya petroli" na "ziada ya hewa" zinatosha.

Dalili nazo zina msamiati wake, na hapa lugha ya kawaida inajitosheleza. Hewa ikizidi, injini hukohoa ndani ya kabureta na kusita inapokanyagwa. Petroli ikizidi, hutetemeka kwa mdundo wa polepole, hutoa moshi mweusi, na harufu ya petroli husikika nyuma ya gari. Moshi wa bluu ni oili inayoungua na hauhusiani na skrubu yoyote ya kabureta. Mfasiri akiandika "moshi" bila rangi, amemwachia fundi kazi ya kubahatisha.

Kuna rangi nyingine inayosumbua, ya ncha ya plagi. Plagi ya injini iliyorekebishwa vizuri huwa na rangi ambayo vitabu huiita kahawia. Neno lenyewe limetokana na kahawa, na katika mkoa unaolima kahawa kwa wingi kama Kagera, neno kahawia huleta picha ya buni zilizokauka au zilizokaangwa, rangi inayokaribia weusi. Plagi yenye rangi hiyo ni dalili ya petroli iliyozidi! Kinachotakiwa ni kahawia iliyofifia, mfano wa biskuti au wa udongo mkavu wa mfinyanzi. Ongeza mfano wa namna hiyo, wala usiogope kwamba utapunguza heshima ya maandishi.

Sailensi si sailensa

Injini inapozunguka yenyewe taratibu, gari likiwa limesimama na mguu haujagusa chochote, mafundi wa Tanzania husema iko kwenye sailensi. "Sailensi iko juu", "gari halishiki sailensi", "panga sailensi" ni misemo ya kila siku. Neno lina asili ya Kiingereza, lenye maana ya ukimya, lakini Mwingereza hatalitambua katika matumizi haya, kwa kuwa yeye huita hali hiyo kwa neno la uvivu. Kwa hiyo sailensi si neno lililokopwa likabaki kama lilivyo. Ni neno ambalo Waswahili wamelikopa wakalipa kazi mpya, na nadhani linastahili kuingizwa katika kamusi kwa maana hiyo.

Hatari yake ni kufanana na sailensa, chombo cha kupunguza kelele katika bomba la kutolea moshi. Herufi moja tu huyatenga, na simu nyingi hujisahihishia maneno bila kuulizwa. Katika maandishi rasmi mimi huandika "mzunguko wa chini wa injini" mara ya kwanza, kisha naongeza "ambao mafundi huuita sailensi", na baada ya hapo natumia sailensi bila haya. Yapo maandishi yanayotumia "kutokuwa na shughuli kwa injini". Hayo hayafai. Injini iliyo kwenye sailensi ina shughuli nyingi, ila haijakabidhiwa mzigo.

Neno mzunguko nalo lina mtego. Kitabu husema sailensi ya injini ile ya Land Rover iwe karibu mizunguko 500 kwa dakika. Mstari unaofuata husema skrubu ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Ya kwanza ni mizunguko ya injini, ya pili ni ya bisibisi. Mafundi wametenganisha tayari: injini ina mizunguko, skrubu ina raundi. Tuwafuate.

Kabla ya kugusa kabureta

Sehemu hii ni fupi, japo kwa fundi ndiyo ndefu kuliko zote. Kabureta hurekebishwa mwisho. Kwanza vali zipimwe uwazi wake, milimita 0.25 kwa injini hii. Kisha pointi, milimita 0.35 hadi 0.40, kisha plagi, milimita 0.75 hadi 0.80, kisha wakati wa cheche. Injini inayopiga misi kwa sababu ya pointi iliyoungua haiwezi kuponywa na skrubu ya kabureta, na mtu akijaribu atakuwa na makosa mawili badala ya moja. "Kupiga misi", kwa faida ya msomaji asiye wa gereji, ni kwa silinda moja au zaidi kuruka zamu yake ya kuwaka.

Halafu vitabu huagiza injini iwe imefikia joto lake la kazi. Hapa Kiswahili husema "ipate moto". Usiandike "ishike moto". Sihitaji kueleza.

Choki nayo irudishwe ndani kabisa, maana kazi ya choki ni kuzidisha petroli injini ikiwa baridi, na anayerekebisha huku choki imevutwa anarekebisha uongo. Gari liwe nje, au banda liwe wazi pande mbili. Onyo hili hufasiriwa vibaya mara nyingi: huandikwa "epuka moshi", na msomaji asipouona moshi hujiona salama. Kinachoua ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wala isiitwe hewa ukaa, kwani jina hilo limekwisha kupewa hewa nyingine, ile tuitoayo tunapopumua. Andika "hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, inayotoka katika bomba hata pasipo na moshi".

Funga, kaza, fungua, legeza

Sasa turudi kwenye kosa langu. Vitenzi vinne hugombania kazi ya kuzungusha skrubu, na kila kimoja kina eneo lake.

Kaza hutaja nguvu. Hutumika kwa nati za magurudumu, kwa bolti za kichwa cha injini, kwa kila kitu kinachotakiwa kisisogee. Ndiyo maana twasema kaza mwendo na kaza macho. Kuna juhudi ndani ya neno. Skrubu ya mchanganyiko haikazwi kamwe. Ncha yake ni laini, tundu lake ni laini zaidi, na kinachoizuia isijizungushe ni springi yake, si nguvu ya mkono.

Legeza ni kinyume cha kaza, na kwa hiyo hufaa tu pale ambapo kitu kilikuwa kimekazwa. Ukisema "legeza skrubu raundi moja na nusu" umekwisha kudokeza kwamba ilikuwa imekazwa, na fundi mwenye akili atairudia hatua ya nyuma kuhakikisha. Fundi wangu alifanya hivyo hasa.

Funga na fungua hutaja uelekeo, ndani na nje, bila kutaja nguvu. Ndivyo vinavyotakiwa hapa. Lakini navyo si salama vikiachwa peke yake, kwa sababu gerejini kufunga ni kuweka kitu mahali pake na kufungua ni kukitoa au kukitenganisha. "Kufunga injini" ni kuirudisha katika gari. "Kufungua kabureta" ni kuitenganisha vipande. Mtu akiambiwa "fungua skrubu ya mchanganyiko" bila kipimo, ana haki ya kuichomoa. Kipimo ndicho kinachokinga maana: fungua robo raundi, fungua raundi moja.

Kilichokuwa kinakosekana katika tafsiri yangu ni neno la mwisho wa safari, pale ambapo ncha inagusa tundu lakini haijabanwa. Nilihangaika na "gota", na "fikia kikomo", hadi nilipomsikia fundi mwenyewe akizungumza juu ya gasketi: "Hii haijakaa." Kitenzi kukaa kilikuwa pale wakati wote. Kitu kinakaa kinapofika mahali pake na kutulia, bila kulazimishwa. Na anayekifikisha hapo hukikalisha. "Funga taratibu kwa vidole mpaka ikae, usikaze." Maneno saba, na kila moja lina kazi. Neno vidole si pambo. Linamwambia msomaji aiache bisibisi dakika moja.

Kuna mtego mmoja zaidi, nao si wa lugha peke yake. Katika kabureta ya Zenith, kufunga skrubu ya mchanganyiko hupunguza petroli. Katika baadhi ya kabureta za pikipiki skrubu kama hiyo hupima hewa, na kuifunga huzidisha petroli, yaani kinyume kabisa. Kanuni ya kutambua ni mahali ilipo: ikiwa upande wa injini, aghalabu inapima petroli, ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa. Mfasiri anayetafsiri kitabu cha pikipiki baada ya kutafsiri cha gari asinakili sentensi zake za zamani.

Saa tatu iko wapi?

Vitabu vya ufundi hupenda kuonyesha mahali kwa mfano wa uso wa saa: skrubu iko penye saa tatu, yaani kuliani kabisa. Kwa Kiingereza ni sawa. Kwa Kiswahili, inapokuwa saa tatu mshale mfupi wa saa ya ukutani unaelekea kwenye namba 9, kushotoni. Mwanafunzi anayefuata saa yetu atatafuta upande usio wake, na wa mjini anayewaza kwa namba za usoni atatafuta upande ulio wake. Wote wawili wamesoma vizuri. Andika kulia, kushoto, juu, chini, na utaje anayetazama amesimama wapi. Kusema "kwa mwelekeo wa mishale ya saa" hakuna ubaya, kwa sababu mishale ya saa huzunguka upande mmoja kwa watu wote.

Maagizo yaliyosahihishwa

Haya ndiyo niliyompelekea fundi safari ya pili, baada ya kabureta nyingine kupatikana:

"Hakikisha vali, pointi, plagi na wakati wa cheche viko sawa. Injini ikiwa imezimwa, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu kwa vidole mpaka ikae, usikaze. Ifungue raundi moja na nusu. Hapa ni mahali pa kuanzia tu. Washa injini na uiache ipate moto, kisha rudisha choki ndani kabisa. Kwa skrubu ya mwendo, iweke injini kwenye sailensi iliyo juu kidogo kuliko kawaida ili isizime. Sasa funga skrubu ya mchanganyiko robo raundi, subiri sekunde kumi, sikiliza. Endelea hivyo hadi injini ianze kusita: hapo hewa imezidi. Fungua robo raundi kwa robo raundi hadi izunguke haraka na kwa utulivu kuliko mahali pengine pote. Ukipita hapo itaanza kutetemeka kwa mdundo wa polepole: petroli imezidi, rudi nyuma. Punguza sailensi kwa skrubu ya mwendo hadi karibu mizunguko 500 kwa dakika, kisha rudia kupima mchanganyiko, kwa sababu skrubu moja ikiguswa ya pili huathirika. Mwisho piga resi fupi mara mbili au tatu. Injini irudi kwenye sailensi bila kukohoa na bila kuzima."

Mstari mmoja niliuongeza baada ya yeye kuniuliza. Kama skrubu ya mchanganyiko inazungushwa na injini haionyeshi tofauti yoyote, usiendelee kuizungusha. Ama kipepeo kimefunguliwa mno na skrubu ya mwendo, ama injini inavuta hewa pasipostahili, penye gasketi iliyopasuka, ama uso wa kifuniko cha juu cha Zenith umepinda na petroli inapenya isikotakiwa, ugonjwa unaojulikana sana kwa kabureta hizo. "Kuvuta hewa" kwa maana hii ya hitilafu ni msemo wa gereji, na unahitaji nyongeza ya "pasipostahili", kwani kila injini nzima huvuta hewa.

Alinirudishia karatasi ikiwa na alama ya kidole chenye oili na sahihisho moja la kalamu. Penye "sekunde kumi" alikuwa amekata na kuandika "hesabu mpaka kumi". Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwamba mtu anayetazama sekunde huangalia simu, na anayehesabu huendelea kusikiliza. Nimeliacha sahihisho lake katika nakala zote zilizofuata.